Usivuke Saigon kwa Kukimbia

Haijanitoka ile Jumamosi niliyoshuka stesheni ya Auburn, hapa Sidni, nikiburuta sanduku lenye gurudumu bovu. Mipaka ilikuwa imefunguliwa baada ya karantini ndefu, nami nilikuwa nakwenda Vietnam kwa mara ya kwanza, kumwomba mzee mmoja wa Saigon anipe binti yake.

Mwanangu Baraka, najua tumepishana miaka michache tu na unapenda kuniita braza. Lakini baba yako ni kaka yangu, kwa hiyo mimi ni baba yako mdogo utake usitake. Na kwa kuwa mwezi ujao unakwenda huko huko na wenzako, nisikilize.

Binti mwenyewe ni Thuy, mama yako mdogo. Tulijuana Granville, katika kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali. Wengine walipofungiwa majumbani, sisi tuliingia kazini na barakoa usoni. Mimi si mtu wa maneno, unanijua. Lakini shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Yeye hushika ncha za huku, mimi za kule, tunasogeleana, tunaachana, tunasogeleana tena. Miezi ikapita hivyo, maneno yakaja yenyewe.

Auburn nilikwenda kumuaga Mama Salma, mtu wa Tanga ambaye ujanani alikuwa akifuata nguo Bangkok na kuziuza nyumbani. Watanzania wengi wa huku wakipata safari humpitia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sanduku hilo vipi, umefukuzwa nyumba?"

Akalifungua mwenyewe. Akatoa unga wa ugali, pakiti baada ya pakiti, akatoa dagaa, kisha akainua chumvi juu.

"Chumvi! Nchi ya watu ina bahari kutoka juu hadi chini, wewe unawapelekea chumvi?"

"Nilisikia chakula chao kigumu, Mama."

"Ulisikia! Kwa hiyo ukishaposa utaomba sufuria, usonge ugali wako jikoni kwa mama mkwe? Anayekataa chakula cha mwenyeji amemkataa mwenyeji. Toa vyote, weka zawadi. Mkono mtupu haulambwi. Haya, na nani atakusemea?"

Nikamwambia sina mtu. Wazee wetu wako Kilosa, na baba yako alikuwa amenyimwa likizo.

"Kijana hajiposei kama aliyeokotwa," akasema. "Nitakusemea mimi, kwa simu."

Mimi na Thuy tulifika salama. Siku ya kwanza nyumbani kwao nilikula kila nilichowekewa. Sisi tumelelewa kwamba kumaliza chakula ni adabu, kumbe pale bakuli tupu ni kama ombi la kuongezewa. Nilimaliza, wakajaza. Nikamaliza, wakajaza. Mama mkwe alifurahi sana. Mimi nilikuwa nahema.

Kesho yake baba yake Thuy akasema twende sote watatu tukanywe kahawa ng'ambo ya barabara. Mwanangu, barabara ile ni pikipiki tupu, na hazikatiki. Hakuna upenyo wa kungoja. Nikafanya kama tunavyofanya Msamvu pale Morogoro: nikakaza macho, nikatimua mbio. Honi zikalia, pikipiki zikayumba, mama mmoja aliyepakia mapapai akafunga breki na mapapai mawili yakaanguka. Nilipofika ng'ambo nikageuka. Mzee na binti yake walikuwa bado upande ule, wananitazama.

Walivuka taratibu wakanikuta. Kahawa ile sikuisikia hata ladha.

Jioni Mama Salma akapiga. Simu ikaegemezwa kwenye birika la chai. Yeye alisema Kiswahili, mimi nikatia Kiingereza, Thuy akatia lugha yao, na majibu yakarudi kwa njia hiyo hiyo. Alinisifu vizuri mpaka nikaona aibu. Kisha mzee akajibu, na ikabidi nimfikishie Mama Salma mimi mwenyewe maneno haya: "Kijana wenu nimemwona. Pakiwa na hatari anakimbia, anamwacha binti yangu nyuma."

Nilitamani ardhi inimeze. Wazazi wa Thuy wasiporidhika, yeye asingeolewa. Alikuwa ameniambia hivyo waziwazi kabla hatujatoka Sidni.

Mama Salma akajibu. "Mwambie mzee, kwetu barabara huvukwa mbio tangu utotoni. Tuliomlea ndio tuliomfundisha vibaya. Na wewe, mwanangu, nakujua, sasa unatafuta pa kujificha. Usijifiche, wala usijitetee. Mwombe akufundishe."

Nikaomba.

Asubuhi mzee akanishika mkono, Thuy akanishika wa pili. Usikimbie, mzee akaniambia kupitia kwa Thuy, usisimame, usirudi nyuma. Nenda mwendo mmoja ili waone unakoelekea, wao ndio watakukwepa. Tukaingia. Pikipiki zikatupita mbele na nyuma kama maji yanavyolipita jiwe. Nilifuata hatua za mzee, naye ana mguu mbaya, hivyo tulikwenda polepole kweli.

Tulipofika ng'ambo hakuuachia mkono wangu. Akasema jambo. Thuy akacheka huku anafuta macho.

"Anasema leo kahawa aagize mkwe."

Mwanangu, viza ishughulikie mapema, na pasipoti uikague isije ikawa imebakiza miezi michache. Cheti cha chanjo kichapishe kwenye karatasi, maana simu huzima. Anwani ya utakapolala iandikwe kwa lugha yao, umwonyeshe dereva, na bei mpatane kabla hujapanda. Maji kunywa ya chupa. Viatu vua mlangoni, zawadi toa kwa mikono miwili, na kushiba kuseme mapema. Haya yote hata mtandaoni utayapata.

Lakini ukiwa na mtu, mwendo wako uwe wa yule aendaye polepole zaidi. Mwenda pole hajikwai, na hamwachi mwenzake katikati ya njia. Ukikosea ugenini usijitetee. Omba ufundishwe, na hapo ndipo watu hukupokea.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kila njia panda, akupe wenyeji wenye subira kama wangu, akurudishe nyumbani Merrylands mzima, ukiwa na watu wapya wa kuwaita ndugu.