Kyuso, Ambako Mzee Musyoka Alitaka Shahidi

Tulitoka Mukuyuni Jumatano alfajiri kwa sababu ya Mwende, mwalimu wetu wa shule ya Jumapili. Harusi yake ilikuwa Jumamosi, na babake, Mzee Musyoka, mfanyabiashara wa mbuzi kule Kyuso, alikuwa ameapa kutokanyaga kanisani. "Niletee mhubiri anayejibu maswali bila kupiga kelele," alimwambia bintiye, "ndipo nitakuja." Mwende hakutaka kusindikizwa madhabahuni na mwanamume mwingine.

Mhubiri tuliyempata ni Kioko wa Matiliku. Hadi Kitui mjini alikariri hoja zake huku akiendesha pikapu: chanzo cha ulimwengu, mashahidi wa ufufuo, sababu za mateso.

"Baba huamua kesi za mipaka katika ukoo," Mwende alimwonya. "Huyatambua maneno yaliyokaririwa."

Baada ya Mwingi vichaka vilipungua urefu na mbuzi wakaongezeka.

Kyuso tulifika adhuhuri. Mzee alikuwa akipepeta ndengu juu ya turubai. Hakugusia dini mpaka tukamaliza isyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Kisha akampa Kioko ungo. "Pepeta. Mdomo na mikono vifanye kazi pamoja."

"Mzee, kila kilicho na mwanzo kina chanzo."

"Na Mungu wako, chanzo chake?"

"Yeye hana mwanzo."

"Hapo umeponyoka. Lakini geuka, makapi yote unanimwagia mimi!"

Kioko akageuka, akaendelea. "Waliosema Yesu amefufuka walipata nini? Viboko na jela. Shahidi akipigwa na asigeuze neno, ninyi humfanyaje?"

"Tunamsikiliza," mzee alikubali. "Ingawa anaweza kuwa amekosea."

"Mmoja, ndiyo. Lakini wengi, tena waliokula naye?"

Mzee alichota ndengu kiganjani. Kisha akasema polepole, "Mama Mwende aliugua hapa. Mhubiri mmoja akatuahidi atapona. Mbona hakupona?"

Mwende aliinama. Jibu la swali hilo tulikuwa tumelisikia njiani hadi Kitui. Kioko aliweka ungo chini.

"Sijui, mzee. Hata yule aliyewaahidi hakujua."

Mzee aliuokota ungo. "Katika kesi zetu, shahidi anayejua kila kitu amefundishwa la kusema. Anayesema 'hapa sikuona', huyo namwamini kwa yale aliyoyaona." Akajipangusa vumbi. "Mwende, koti langu la kijivu liko wapi?"

Ijumaa tulirudi watu wanne, mzee akiwa kiti cha mbele, akimhoji Kioko hadi Mukuyuni.

Jumamosi alimshika Mwende mkono na kanisa zima likalipuka kwa vigelegele. "Kesi haijaisha, kijana," alimnong'oneza Kioko mlangoni. "Kikao kijacho ni kwangu."

Hoja za Kioko zilimfanya mzee asikilize. Lakini kilichomvusha kizingiti cha kanisa ni ile hoja moja ya mateso ambayo Kioko alikuwa nayo tayari, akakataa kuitoa.