Kata ya Mbege Kabla ya Kunyonyesha

Mama mkwe wangu alifika Moshono siku ya tatu baada ya mimi kujifungua, akiwa na galoni mbili za mbege, na tangu siku hiyo sikuwa tena na mamlaka juu ya matiti yangu. Alizitoa Kilimanjaro kwa basi, vizibo kavilegeza ili zisipasuke njiani, na kwa maelezo yake mwenyewe abiria wote walimpongeza kwa ile harufu.

Kwao mzazi hunyweshwa mbege ili maziwa yashuke. Hilo halikuwa na mjadala. Kila nikitaka kunyonyesha, kwanza kata moja ya kibuyu, na yeye amesimama mbele yangu mpaka kata iwe tupu. Nikimwambia kichwa kinazunguka, anajibu, "Hiyo ni damu inarudi." Mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu, mbele ya mama yake alikuwa mtoto wa darasa la pili. "Kunywa tu, si ni ndizi na ulezi," aliniambia, kisha akaenda zake kwa jirani aliyenunua televisheni. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mwenye televisheni alikuwa na wageni wa kudumu.

Mimi nikajiona mjanja. Nikishakunywa, naingia bafuni, nakamua maziwa ya kwanza na kuyamwaga, nikiamini pombe nimeitoa na yaliyobaki ni safi. Ndipo namnyonyesha mtoto. Ananyonya kidogo, analala. Wageni waliokuja kumwona walimsifu kwa utulivu wake, na mimi, Mungu anisamehe, nilivimba kichwa.

Tulipompeleka kliniki, mstari wa uzito kwenye kadi, uliopaswa kupanda, ulikuwa umelala kama mtoto mwenyewe. Nesi aliutazama, akaniinamia, akanusa.

"Umekunywa nini asubuhi hii?"

"Mbege," alijibu mama mkwe kwa fahari, kabla sijafungua mdomo. "Kata nzima."

Nikawahi kujitetea kwamba huwa nakamua kwanza. Nesi alicheka bila furaha. "Pombe iko kwenye damu yako, mama. Ukamue mpaka machozi yakutoke, maziwa mapya yatakuja nayo ileile. Inatolewa na muda tu. Mwenye mtoto mwenye afya akitaka kunywa glasi moja ya bia, amnyonyeshe kwanza, anywe, kisha akae masaa mawili au zaidi ndipo amnyonyeshe tena. Wewe unakunywa kata, tena kila mara! Na haiongezi maziwa, inayapunguza. Acha kabisa. Na huyu mtoto usimwache alale tu, mwamshe anyonye."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nachemka. Nilimkasirikia mama mkwe, nikamkasirikia mume wangu, nikajikasirikia mimi niliyesoma mpaka sekondari nikashindwa kusema neno moja, sitaki. Hotuba niliipanga yote kichwani. Ningemwambia kwamba hii ni nyumba yangu, mtoto ni wangu, na galoni zake zirudi na basi lilelile lililozileta.

Tulipofika, mtoto nilimlaza kitandani. Mama mkwe alichukua galoni iliyobaki, akaenda nayo nyuma ya nyumba, akaimimina yote kwenye shina la mgomba. Nilimfuata hadi pale. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua.

"Nesi amesema mtoto akilala sana si vizuri?" aliniuliza bila kugeuka.

"Ndiyo, mama."

"Wangu wa kwanza naye alikuwa mlalaji. Watu walikuwa wanamsifu."

Mtoto huyo nilimjua kwa mmea wa sale uliopandwa kwenye kaburi lake dogo kihambani, kwenye migomba ya kwao, basi. Hakuna aliyewahi kuniambia aliuguaje, wala mimi sikuwahi kuuliza.

Hotuba yangu yote sikuitoa, na hilo nalo likaniudhi, maana nilikuwa na haki ya kuitoa. "Nesi hakusema habari za wako, mama," nilimwambia. "Amesema huyu wangu tu."

Aliiacha galoni palepale chini, akaingia chumbani, akampakata mtoto na kuanza kumfinyafinya nyayo.

"Amka, baba," alimwambia. "Amka, usilale."