Kafeli Nani, Mie au Mtahini?

Wapemba wenzangu, hebu niamulieni.

Hoteli ninayofanyia kazi ni ya kampuni ya nje. Leo kaja mtahini wao kupima nani anaelewa tamaduni za watu, apandishwe cheo.

Mie kanifelisha! Eti simtazami mkubwa machoni.

Haya. Mchana nimekaa na muhogo wangu wa nazi na pweza, yeye anapita. Nikamwambia karibu, kama anavyokaribishwa yeyote.

Mtahini akavuta kiti! Nikadhani atamega kipande, ashukuru, aende zake. Wapi! Kala mpaka mchuzi.

Akafuta mdomo: "Kesho utarudia mtihani."

Hapo nikamtazama machoni, sawasawa.

"Sirudii. Kesho lete chakula weye, nipite mie. Tuone nani atafeli."