Shingo ya Msichana wa Chuo

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya duka moja la dawa hapa Kitui mjini. Mbele yangu alisimama msichana wa chuo kikuu, mkono mmoja umeshika shingo.

"Nataka dawa ya maumivu," alimwambia mama muuzaji. "Shingo inauma, na hiki kidole gumba hakikunjiki."

"Ulikuwa unalima?"

"Hapana, anti. Ni simu. Nashinda nayo."

"Sasa mami, siku nzima unaongea na nani?"

Msichana aliinamisha macho. "Siongei na mtu. Naangalia tu vile wengine wanaongea."

"Si uiweke chini kidogo?"

"Nikiiweka chini, ile rumu yangu inanyamaza sana."

Mama aliacha kutafuta dawa. Alizunguka kaunta, akaweka kiganja kwenye kisogo cha yule msichana, akaanza kukanda polepole. Msichana alifumba macho. Foleni ilikuwa ndefu, na sisi watu wa Kitui hatupendi kucheleweshwa, lakini hakuna aliyeguna.

"Ukipita hapa, ingia," mama alisema akimpa dawa. "Hata kama huumwi."

Duka la dawa linalokaribisha watu wasioumwa halitatajirika. Lakini nilijiuliza, sisi tunaopigia watoto wetu simu kuuliza kama mtihani umeenda vizuri, nani kati yetu amewahi kuuliza wanakula na nani?

Msichana alisema asante, akatoka. Hakuwa ameulizwa jina.