Ukurasa wa "Con"

Siku yangu ya kwanza katika mahakama ya Kwale, miaka michache baada ya uhuru, Karani Mkuu alinikabidhi kamusi iliyochakaa na daftari tupu. "Mkalimani ni ulimi wa mahakama," aliniambia. "Maneno ya Kiingereza yanayoanza sawa yaweke ukurasa mmoja, maana hayo ndiyo yatakayokuchanganya."

Ukurasa wa "con" niliupenda kuliko yote. "Confess", kukiri. "Conceal", kuficha. "Consent", kuridhia. "Console", kuliwaza. Niliyakariri kama mtoto wa chuoni akikariri Kurani, na kichwa kikanivimba.

Ndipo akaletwa Bi Mwanasha, mjane wa Mwabungo, kwa shtaka la kuiba nazi shambani kwa jirani. Nilipomsomea shtaka, aliinamisha kichwa. "Nimekosa, wanangu. Niwieni radhi."

Nikamgeukia Hakimu, Mzungu aliyebakia baada ya uhuru, nikamwambia kwa madaha kwamba mama anakiri, "she confesses". Akaandika, kisha akaanza kutaja kifungo.

Bi Mwanasha akaninong'oneza, "Mwanangu, radhi nishaomba. Mbona hawaniulizi habari yangu? Shamba ni la jirani, lakini minazi ile tuliipanda na marehemu mume wangu, kwa ruhusa ya babake huyo jirani."

Niliona haya hadi mifupani. Kwetu, aitwaye mbele ya wazee hutanguliza radhi, awe na kosa asiwe nalo, ndipo aeleze. Na mnazi waweza kuwa wako katika ardhi ya mwenzio. Mimi, mzaliwa wa Msambweni, niliyajua hayo kabla ya kuijua kamusi! Lakini kujisahihisha mbele ya Hakimu kulikuwa kuichezea kazi yangu, nami nilikuwa na mke na watoto wawili.

"Mheshimiwa, nimekosa," nikasema. "Mama huyu hakukiri. Ametuomba radhi kwa adabu tu."

Alinitazama juu ya miwani. "Na wewe, unakiri au unaomba radhi?"

"Yote mawili, Mheshimiwa."

Akakikata alichoandika. Mashahidi wakaitwa, na Bi Mwanasha akaachiwa huru, akarudi kwake Mwabungo. Mimi nilipewa barua ya onyo na mwaka mzima wa kupanga majalada masjala, ndipo nikarudishiwa ukalimani.

Nilipostaafu niliondoka na daftari lile, na hadi leo ninaikumbuka kazi ile kwa mapenzi. Mjukuu wangu hulichungulia, akanicheka. Juzi aliuliza, "Babu, mbona hapa kwenye 'confess' umeifuta maana?"

Nikamwambia asome nilichoandika pembeni. Akasoma: "Muulize kwanza."