Fundi wa Mtambo Anayewarudisha Watu Mlimani

Saa kumi na mbili asubuhi, fundi wa mtambo wa umeme wa maji amezama hadi magotini katika maji baridi ya kijito, akizoa majani yaliyoziba chujio. Anapiga mluzi. Chini kwenye kibanda cha mtambo, mumewe anafungulia maji, na bomba linaanza kunguruma.

"Sikia mlio huo!" anasema, akicheka kana kwamba anausikia kwa mara ya kwanza. "Huo ndio unaosaga mahindi. Huo ndio unaopoza chanjo za watoto."

Majirani humwita Mama Umeme. Ana miaka arobaini na sita, na kumi na miwili aliimaliza mjini akitengeneza pampu za maji. Aliporudi kumzika babake, kijiji cha nyumba themanini kilibakiwa na tisa tu zenye watu.

"Jeneza tulilibeba sisi wanawake," anasema. "Nikajiambia, mahali hapa panakufa huku natazama."

Hakuondoka tena; aliamua kujenga mtambo wa umeme. Kijito kilikuwepo, ujuzi alikuwa nao, lakini lori liliyashusha mabomba barabarani, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Akashika simu, akawapigia waliohama, mmoja mmoja, waje kuyabeba. Mdogo wake wa kiume, dereva mjini, alimcheka.

"Dada, unataka kumwashia nani taa? Mbuzi?"

Hata hivyo, Jumamosi iliyofuata alifika, yeye na wenzake sitini. Walikuwamo ndugu wawili wasiosemezana tangu wagombane kuhusu shamba. Bomba moja hubebwa na watu wanne. Wawili hao wakajikuta bega kwa bega.

"Walianza na 'inua upande wako'," fundi anasimulia. "Tulipofika juu walikuwa wanataniana!"

Huu ni mwaka wa pili wa mtambo. Kuna mashine ya kusaga, kinyozi na mchomeleaji vyuma, na nyumba thelathini na moja zina watu. Kilichobaki ni shule, iliyofungwa kwa kukosa watoto. Ofisi ya elimu imeahidi walimu watoto wakifika arobaini. Wako thelathini na saba.

Simu inaita. Ni yule mdogo wake, baba wa watoto watatu. Kabla hajamaliza salamu, mkewe anamnyang'anya simu.

"Wifi, hiyo shule ina choo?"

"Kinachimbwa, wifi yangu."

"Basi waambie waharakishe. Tunafika Ijumaa, sote."

Fundi anapiga kigelegele, anavua mabuti yaliyojaa maji, na kushuka mteremko mbio, peku, kuwatafuta wachimbaji.