Firigisi ya Mgeni

Saa moja na dakika kumi asubuhi hii, mtu wa jirani alijipaka dawa ya mbu, na harufu ile ikanirudisha mezani kwetu Kilosa. Rafiki wa baba kutoka Ulaya, aliyenukia dawa hiyohiyo, alikuwa na siku ya pili kwetu. Mama alikubali jogoo achinjwe, yule wa kuuzwa sokoni Dumila ili ninunuliwe viatu vya shule. Mgeni akapewa firigisi, kipande cha baba siku zote. Akainusa, akamtupia paka, akafungua biskuti zake.

"Leo paka ndiye baba mwenye nyumba," bibi alisema.

"Anasemaje?" mgeni aliuliza.

"Anakukaribisha," baba akajibu.

Mgeni akatabasamu, akaacha noti mezani kama yuko hotelini. Jogoo angeuzwa elfu nne. Noti ilikuwa ya mia tano. Viatu vyangu vikapungukiwa shilingi elfu tatu na mia tano.